Wauza lenzi za mira Arusha na Moshi, acheni kutuuzia nusu lenzi!

Wakuu, salaam.

Hii tabia imezidi sasa. Mtu ananunua lenzi ya mira (inayokusanya mwanga kwa vioo vya kuakisi) ya 500 mm, zile fupi nene zenye duara jeusi katikati ya kioo cha mbele, anaifunga kwenye kamera yake ya kisasa, anatoka na picha nyeupe nyeupe kama zimemwagiwa maziwa. Akimpigia muuzaji anajibiwa, "Kaka, hiyo ni ya enzi za filamu, ndivyo zilivyo." Si kweli hata kidogo. Tamron SP 500 mm f/8, Reflex-Nikkor 500 mm, Rubinar, MTO na 3M-5A za Kisovieti, zote zinatoa picha nzuri kwenye sensa ya megapikseli 24 zikiwa kamili na mnunuzi akiambiwa ukweli. Shida ni kwamba haziuzwi kamili, na ukweli hausemwi.

Nianze na adapta, ile pete ya kuunganisha lenzi na kamera, maana hapo ndipo watu wanapigwa mchana kweupe. Lenzi nyingi za mira za bei nafuu zina mdomo (sehemu ya kufungia) wa T2. Kipenyo cha T2 ni 42 mm, na M42 ya kamera za zamani nayo ni 42 mm. Muuzaji anapima kwa macho, anaona zinalingana, anakupa ya M42. Sasa, hesi za T2 zimepishana kwa 0.75 mm, za M42 kwa 1 mm. Ukianza kukaza inaingia vizuri tu, mzunguko mmoja na kidogo inakwama. Hapo ndipo unaambiwa "ongeza nguvu kidogo". Ukiongeza, alumini inalika na mdomo huo hautashika tena sawasawa adapta yoyote.

Na tuseme zimeshikana kwa bahati mbaya. T2 imeundwa ikae 55 mm kutoka kwenye sensa, M42 ikae 45.46 mm. Lenzi ya M42 ukiiweka kwenye nafasi ya T2 inakuwa imesogezwa mbele karibu 9.5 mm, na kwa hesabu ya kawaida ya 500 mm fokasi inakomea mita 27 hivi. Twiga aliye mita 60 humpati hata uzungushe pete mpaka kesho. Ukifanya kinyume chake, T2 kwenye nafasi ya M42, utapata fokasi ya mbali lakini namba zote zilizoandikwa kwenye pete zinakuwa za uongo, na vitu vya karibu unavikosa.

Wenye DSLR za Nikon (zile kamera zenye kioo cha kuakisi ndani na tundu la kutazamia) wanauziwa M42 pamoja na adapta yenye kijilenzi ndani. Kile kijilenzi kipo kwa sababu mdomo wa Nikon F uko 46.5 mm kutoka kwenye sensa, yaani zaidi ya M42 kwa milimita moja na kidogo. Kwa lenzi ya kawaida ya 50 mm ni tatizo. Lenzi za mira mara nyingi zinazunguka kupita ile alama ya nane iliyolala (fokasi ya mbali kabisa), kwa hiyo pengo hilo dogo huwa linamezwa. Chukua adapta isiyo na kioo, jaribu kwanza kwenye kitu cha mbali. Kijilenzi cha bei chee kinakuharibia ulichonunua.

Tamron ndiyo inayoonewa zaidi. Yenyewe haina mdomo wake, inatumia pete ya Adaptall-2 inayotoka. Kuna watu wanaitoa ile pete wanaiuza peke yake, halafu lenzi wanaiuza peke yake. Ukifika nyumbani ndipo unagundua huna pa kuifunga.

Halafu hili la "inafanya kazi kwenye Nikon zote". Kamera kama D3400 au D5300 hazipimi mwanga kabisa kwa lenzi isiyo na chipu. Itakubali kwenye M (Manual) tu, na mwanga utautafuta mwenyewe. Sio dhambi, ila useme! Mnunuzi anaweza kuanza hivi: jua kali la mchana, 1/1000 na ISO 400, kisha atazame histogramu (grafu ya mwanga wa picha) na kurekebisha. Asubuhi au chini ya miti aende ISO 1600 hadi 3200. Na asitarajie f/8 kamili (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo), kwa sababu lile duara jeusi likiwa na nusu ya kipenyo limeshakula robo ya eneo la mwanga, na mira mbili nazo zinapoteza kidogo. Unachopata ni kama f/10. Tundu la kupunguza halipo, ni hilo hilo siku zote.

Filta ya nyuma, kile kioo kidogo kinachofungwa kwenye kitako cha lenzi, nayo wanaitoa. Tamron 55BB (toleo la hiyo SP 500 mm) inataka ya 30.5 mm, Reflex-Nikkor ya 500 mm inataka ya 39 mm. Ni sehemu ya lenzi, imehesabiwa na mtengenezaji, sio pambo. Hata kama mwanga hauhitaji kupunguzwa, kile kioo kisicho na rangi kinatakiwa kibaki pale. Bila hicho shimo la nyuma liko wazi, na vumbi la njia ya Manyara linakwenda moja kwa moja kwenye mira. Kisha anatokea mjuaji na kipande cha kitenge anafuta mira. Kwenye lenzi ambazo alumini imepakwa juu ya uso wa kioo, ule utando ni mwembamba mno. Ukifuta mara moja unaacha michirizi ambayo haitoki tena. Puliza kwa mpira wa kupulizia, ukishindwa acha, maana vumbi kidogo halionekani kwenye picha.

Kuhusu tangazo la "1000 mm, ukiwa Moshi unawaona wapandaji pale Uhuru", jamani! Kwanza hiyo 1000 mm ni 500 mm na telekonvata (kijilenzi cha kukuza kinachokaa kati ya lenzi na kamera) ya mara mbili, yaani f/16, giza tupu kwenye kioo cha kutazamia, na ukali wa picha unapungua badala ya kuongezeka. Pili, kutoka Moshi mjini hadi kileleni ni kilomita 30 hivi. Mtu wa mita 1.7 kwa umbali huo, kwa 500 mm, anachukua takriban mikromita 28 kwenye sensa. Kwenye APS-C (saizi ya sensa ya DSLR nyingi za kawaida) ya megapikseli 24 hizo ni pikseli saba. Pikseli saba, tena hewa ikiwa imetulia kabisa, na hewa ya hapo katikati haitulii. Weka telekonvata, utapata pikseli kumi na nne za ukungu.

Sasa na nyie wanunuzi, msijifiche nyuma ya muuzaji. Kwenye kamera mpya zisizo na mira ndani (mirrorless), ingia kwenye menyu uruhusu kupiga bila lenzi, la sivyo kitufe hakitapiga. Kisha ingiza 500 mm kwa mkono kwenye kitulizaji cha ndani ya kamera. Kamera haijui umefunga nini. Ukiiacha kwenye 50 mm inatuliza mtikisiko wa lenzi nyingine kabisa, halafu unasema lenzi haina ukali. Zile rangi za kuonyesha fokasi zizime, au ziweke kiwango cha chini, kwani kontrasti ya mira ni ndogo na rangi zinadanganya. Kuza picha kwenye kioo mara 5 au 10, zungusha pete taratibu mpaka manyoya ya jicho yakae sawa, ndipo upige. Kwa mita 10 kwenye APS-C kina cha fokasi ni sentimita 13 tu. Ukipumua ndege ameshatoka.

Ukiwa porini kwenye gari, mwambie dereva azime injini. Sio apunguze moto, azime. Mfuko wa mchele wa kilo mbili juu ya ukingo wa paa, lenzi ilale juu yake, shata 1/1000, kitulizaji kama kipo. Saa saba mchana pale Tarangire, ukimpiga tembo aliye mita 300 juu ya ardhi iliyopata moto, picha itacheza hata ukiwa na lenzi ya bei ya gari. Hilo ni joto, msilibebeshe lenzi.

Na baridi ya ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari: lenzi ikitoka kwenye chumba chenye joto inataka nusu saa ya kupoa kabla haijatulia. Bomba linasinyaa na fokasi inahama. Ndiyo maana pete inapita alama ya mbali kabisa, imeachwa makusudi. Fundi akikwambia atakurekebishia ikome pale pale kwenye alama, mnyang'anye lenzi yako.

Pete pete kwenye mandhari ya nyuma? Hizo zimo kwenye maumbile yake, huziondoi. Tafuta nyuma pasipo na matawi yanayong'aa wala maji yenye vimulimuli vya jua. Flamingo wa maziwa ya Momella jua likiwa mbele yako ni pete tupu, jua likiwa mgongoni mambo safi. Ule weupe wa maziwa mara nyingi ni kukosa kofia ya kuzuia jua, au fangasi. Kofia unatengeneza kwa karatasi ngumu nyeusi, sentimita 12 kwenda mbele, unaifunga kwa mpira. Haikati pembe za picha.

Naomba wauzaji waje hapa wajitetee.

#2
Mkuu nakuunga mkono, ila kwenye filta ya nyuma umeongeza chumvi. Kioo bapa cha 2 mm kinasogeza fokasi kwa theluthi ya unene wake, yaani 0.7 mm hivi. Kwa f/8 huwezi kuona tofauti ya ukali kwa macho, na pete ya fokasi inafidia. Hoja ya vumbi naikubali. Mtu asiache lenzi nzuri kwa sababu ya filta tu, aombe apunguziwe bei.

Mlichosahau ni mira kuhama. Lenzi ikidondoka mira inapinda kidogo, na kwa nje haina hata mkwaruzo. Usiku tafuta taa moja ya mbali, toa fokasi mpaka taa iwe pete. Shimo liwe katikati kabisa. Likiwa limeegemea upande, rudisha. Pete ikiwa na umbo la pembetatu, hasa kwenye MTO na Rubinar, kuna uwezekano mira imebanwa mno na pete yake ya kushikilia. Hiyo inalegezwa na fundi anayejua, sio wa simu.

#3
Mwongeze la jua. Hizi lenzi hazina cha kufunga mwanga. Ukiiacha kwenye stendi bila kifuniko, jua likapita mbele yake, kamera isiyo na mira sensa inaungua. Kwenye DSLR ni jicho lako. Kusubiri jua lichomoze nyuma ya Mawenzi kwa 500 mm huku unatazama kwenye tundu, usithubutu.

Fangasi kwa huku Moshi wakati wa masika ni balaa. Ndoo ya plastiki inayofunga vizuri, vifuko vya silika jeli, basi. Begi la ngozi lililokuja na lenzi ndilo nyumba ya fangasi, tupa.

#4 (mwenye uzi)
#2, hesabu yako ya 0.7 mm ni sahihi, nakubali kwenye ukali. Lakini tangazo linalosema "kamili" na filta haipo bado ni utapeli.

Kuna muuzaji kaja PM (ujumbe wa faragha) ananiambia nafukuza wateja. Kuanzia sasa ukiweka tangazo la mira humu, weka picha nne: kitako cha lenzi adapta ikiwa imetolewa, filta ya nyuma ikiwa mahali pake, mira ikimulikwa na tochi kutoka pembeni, na picha ya taa ya mbali iliyotolewa fokasi. Tangazo lisilo na hizo nne naliripoti kwa moderata.