Kuchaji gari ya umeme Voi na miji midogo: tupeane uzoefu

Habari zenu wadau. Sisi tunaoendesha magari na boda za umeme nje ya Nairobi na Mombasa tuambiane ukweli, mnachaji wapi? Mimi niko Voi na Nissan Leaf ya kutoka Japani, ile ya betri ya 24 kWh. Nyumbani sina neno, naichomeka kwa soketi ya ukutani jioni, asubuhi imejaa. Shida ni safari. Mombasa ni kama kilomita 150 na betri ishachoka haifiki, halafu unaambiwa kuna chaja ya kasi mahali fulani, unafika kichwa cha waya ni CCS2 na Leaf zetu ni CHAdeMO, haviingiliani kabisa. Kwa hivyo ukiandika taja pia gari na aina ya plagi, bila hiyo mtu atafunga safari ya bure.

—

Mimi nina gesti Mtito Andei. Mgeni alikuja na gari ya umeme akaomba soketi, nikampa, akatoa ekstensheni ndefu imekunjwa vile vile kama ilivyotoka dukani, na mzigo ule wa usiku kucha ikapata moto mpaka plastiki ikayeyuka. Tulishukuru Mungu mlinzi alisikia harufu. Sasa fundi amenivutia laini ya peke yake kutoka kwa boksi, ina swichi yake na kamita kadogo, mgeni analipa unit alizotumia basi, hakuna kubishana. Jamani mwenye gesti asikatae hawa wateja, mtu anayechaji analala, anakula, na asubuhi ananywa chai.

—

Leaf 40 kWh, niko Wundanyi. Huku ni mlima, kutoka Voi unapanda zaidi ya mita 700 na asilimia zinashuka mbele ya macho yako, usipige hesabu ya kilomita peke yake. Kurudi chini weka gia kwa B, betri inarudishiwa kiasi na breki zinapumzika. Stima ikipotea siku ya mvua ndio kazi, kwa hivyo mimi siachi gari ishuke chini ya nusu hata kama sina safari.

—

Boda hapa. Sisi hatungoji chaji, tunabadilisha betri, dakika chache umeondoka. Lakini mji mdogo ukiwa na kituo kimoja na betri zilizojaa zimeisha, unakaa hapo na abiria anachukua ya petroli, na betri si yako ni ya kampuni huwezi hata kuichaji kwako. Tunachoomba ni kituo cha pili tu, hata kibanda.

—

Wenye gesti na petrol station, mwaka 2023 EPRA, wale wanaosimamia bei za stima na mafuta, iliweka bei maalum ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa unit na 8 zile saa za usiku ambazo matumizi yako chini, kabla ya kodi na makato mengine. Ulizieni Kenya Power kabla hamjavuta laini.

—

Mama wa Mtito Andei asante sana. Hiyo laini yako fundi aliweka waya wa unene gani, na hapo kwako mtu anaweza kuchaji mchana bila kulala?

—

Waya wa 6mm², breka ya amp 32. Mchana karibu, ila nipigie mapema maana laini ni moja.