Pipa jipya la mwaloni linavuja: nilitayarishe vipi kabla ya kuweka wiski?

Kisiwa cha Mbali:
Wakuu, habari za majukumu.

Nipo Christchurch, Nyuzilandi, na kabla hamjanishangaa: huku tangu 1996 sheria inamruhusu mtu kukeneka, yaani kutengeneza pombe kali kwa mtambo, nyumbani kwa ajili ya kunywa mwenyewe. Kuuza ndiyo kosa. Nina lita 9 za wiski ya shayiri, nguvu yake asilimia 68, bado nyeupe kama maji. Nimenunua pipa jipya la mwaloni wa Marekani la lita 10, limechomwa ndani mpaka likawa mkaa.

Jana usiku nililijaza maji ili nilijaribu. Nikawa kama nateka maji kwa pakacha. Yalitokea pale mfuniko wa mbele unapoingia kwenye mbao za ubavuni, kisha mchirizi mwembamba ukashuka mpaka kwenye mkanda wa chuma wa pili. Nikayamwaga yote, nikaliweka karibu na hita likauke. Aliyeniuzia anasema "ni kawaida" halafu basi. Nina gundi ya mbao na silikoni hapa. Nipake? Pesa niliyolipa si ndogo, naombeni ushauri kabla sijaharibu.

Fundi Kalafati:
Mkuu, weka gundi chini. Mimi si mnywaji, dini yangu hainiruhusu, ila mbao nazijua, nimekulia Pangani kwenye majahazi. Chombo kikikaa juu pwani kwa miezi, mbao hunywea na nyufa zinafunguka, ukiwa ndani unaona mwanga wa nje. Siku ya kukishusha majini kazi ni moja, kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Lakini mbao zikishiba zinavimba, zinabanana zenyewe, na maji yanakoma. Tena sisi tuna pamba ya kalafati kwenye maungio. Pipa lako halina, linategemea kuvimba tu. Ulipoliweka kwenye hita umelirudisha nyuma. Na gundi itakaa kwenye ufa ambao mbao ingeuziba yenyewe, ikija kuvimba haina pa kwenda.

Kisiwa cha Mbali:
Asante sana fundi. Nimeshaliondoa kwenye hita. Sasa nianzie wapi?

Mgeni wa Louisville:
Ndugu, nafanya kazi kwenye karakana ya mapipa hapa Kentucky, sikia vizuri.

Kwanza suuza, mara mbili tatu, mpaka maji yasitoke na unga wa mbao na vipande vya mkaa. Sabuni usiguse kabisa, mbao inainywa na hutaitoa tena. Maji ya bomba yakinuka klorini yachemshe kabla, klorini ikikutana na mbao huleta harufu ya uvundo. Kisha tia maji ya moto, yasiwe yanayotokota, robo ya pipa. Ziba, tikisa, lisimamishe kwa mfuniko mmoja na umwagie maji kidogo juu ya mfuniko wa pili. Baada ya saa moja geuza. Kwako mfuniko ndio wenye shida, kwa hiyo hapo usiwe na haraka. Ndipo ulijaze mpaka juu, uliweke kwenye beseni, na kila linapopungua ongeza.

Badilisha maji kila siku, yakilala sana yanachacha. Yatatoka na rangi ya chai, usiogope, ni mwaloni huo. Siku mbili au tatu kwa kawaida linatulia. Koki ya mbao iloweke pia, na ukiipigilia piga taratibu maana mfuniko hupasuka kirahisi. Mkanda ukilegea, weka kipande cha mti juu yake, gonga kwa nyundo ukizunguka pande zote. Kama bado kuna tone moja sugu, futa nje pakauke, sugulia nta ya nyuki. Sisi kazini tunachonga kabari ndogo ya mti tunaigongelea palepale.

Na ukimwaga maji ya mwisho, wiski iingie siku hiyohiyo.

Mama Shayiri:
Naongezea kutoka Glasgow. Asilimia 68 ni kali mno kwa pipa. Ongeza maji safi kama lita moja na robo, utashuka karibu na 60 na pipa lako litajaa sawasawa. Bourbon, wiski ya Marekani, kisheria haiingii kwenye pipa ikizidi asilimia 62.5.

Kinachonitia hofu zaidi ni udogo wa pipa. Kwenye pipa la lita 200 wiski ya katikati haiigusi mbao kwa urahisi. Kwenye lita 10, kila lita inaguswa na mbao karibu mara tatu zaidi. Usisikie habari za miaka mitatu ya huku Uskoti, kwako ni wiki. Ukiliacha utakunywa supu ya mbao. Waskoti wengi hutumia mapipa yaliyokwisha kubeba bourbon au sheri (mvinyo mkali wa Hispania), kwa sababu mwaloni mpya unaimeza shayiri. Ningekuwa wewe ningeweka sheri ya bei nafuu kwanza, mwezi hivi, ndipo wiski.

Na mdogo wangu, yale ya mwanzo kabisa ya mtambo uliyamwaga? Pipa haliondoi sumu.

Mgeni wa Louisville:
Dada, kwenye sheri hatukubaliani. Mkaa mpya na sukari ya mbao ndiyo utamu wenyewe! Mwache aweke, aonje kila Jumapili, ikikolea aihamishie kwenye chupa. Mzunguko wa pili utakuwa mpole, huo ndio auache muda mrefu.

Kisiwa cha Mbali:
Ya mwanzo niliyamwaga yote, dada, usiwe na shaka.

Mrejesho, siku ya nne. Usiku wa kwanza beseni lilijaa. Wa pili nilikaa na saa nikihesabu, tone moja kwa dakika. Jana asubuhi nimepitisha kidole kwenye maungio yote ya mfuniko, pakavu kabisa. Leo nimemwaga maji, harufu iliyotoka tunduni ni kama mkate uliobabuka kidogo na vanila. Wiski imeingia ikiwa asilimia 60. Sikuweka sheri, dada nisamehe, nimetaka kuonja mwaloni wenyewe kwanza. Lipo gerejini juu ya vigogo viwili, limelala, kizibo juu.

Fundi Kalafati:
Andika tarehe kwa chaki kwenye mfuniko, utasahau.

Kisiwa cha Mbali:
Nimeandika, fundi. 14 Juni, lita 10, asilimia 60.