Naomba ushauri: dago la peke yangu, Wete hadi Fundo

Asalaam alaikum wandugu. Nina likizo ya siku nne, nataka kwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, peke yangu na mtumbwi aloniachia marehemu ami. Nitoke Wete, Pemba, na maji yanayotoka, nikalale ufukweni upande wa kisiwa cha Fundo, nivue mshipi usiku. Natafuta changu na chewa, si biashara.

Mtumbwi ni mdogo, hauna matengo (mbao za pembeni za kuuzuia usipinduke). Juzi nimeujaribu bandarini: nimekaa saa nzima, maji yakanifika vifundoni. Ufa uko karibu na tezi, sehemu ya nyuma, unene wa ukucha. Nimeuziba kwa pamba na mafuta ya nazi, lakini sina imani nao. Je, nitie kalafati (niuzibe ufa) upya au kipande kile kikatwe kabisa?

La pili ni maji. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likiwa kubwa, mkondo wa pale mlangoni kati ya visiwa vya Fundo na Njao unakwenda kama mto, na kafi moja haliushindi. Nafikiri nisubiri maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, ila mzee mmoja hapa ananiambia samaki hawali vizuri maji mafu. Nyie mnaonaje? Na pepo je, nisubiri tanga mbili, kipindi cha pepo kubadilika, kusi likishatulia?

Chambo ninacho, ngisi. Maji ya kunywa nachukua lita ishirini, sijui yanatosha au nazidisha uzito bure.

Mama hajui kama nakwenda peke yangu. Kwa hilo msinishauri.