Mama anachoma insulini kila siku lakini sukari haitulii, nifanyeje?

Kijana wa Nzega: Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 63, kisukari anacho mwaka wa tisa sasa. Mwaka jana alianzishiwa insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni. Anajichoma mwenyewe na haruki. Lakini leo asubuhi anakuta 14, kesho 6, keshokutwa 17. Kliniki dokta anaangalia daftari, anaongeza yuniti, tunarudi nyumbani. Nesi aliyemfundisha kuchoma alihamishwa, na tangu aondoke hakuna aliyekaa na mama hata dakika tano. Ndugu wanasema nimpeleke Dar kwa bingwa. Nitauza mbuzi ikibidi. Naomba ushauri.

Sista Kliniki: Pole sana mdogo wangu. Mimi ni muuguzi, kliniki ya kisukari ndiyo kazi yangu. Kabla ya nauli ya Dar, mama anachoma wapi? Mpapase tumboni kwa vidole, taratibu. Ukikuta nundu, insulini inayoingia hapo hainyonywi sawasawa, leo kidogo, kesho nyingi. Halafu mwambie aandae dawa mbele yako. Usimwulize anafanyaje, mtazame. Ile ya mchanganyiko inavingirishwa viganjani mpaka iwe nyeupe yote kama maziwa. Asipofanya hivyo, kila sindano inatoka na nguvu yake.

Mzee wa Presha: Sikiliza huyo sista. Mimi pia nina kisukari, dokta namwona dakika chache tu, ila mguu wangu aliuokoa nesi. Alinivua soksi, akakuta msumari mdogo umetoboa soli ya kiatu na kuniingia kisiginoni. Sikuwa nimesikia maumivu yoyote, kisukari kilishaua hisia za mguu. Nilikuwa nimetembea nao hivyo hivyo.

Mama Wawili: Friji ya kuwekea insulini mnayo?

Kijana wa Nzega: Hatuna, chupa inakaa kwenye chungu.

Mama Wawili: Chungu kinafaa. Kiwe kivulini, na chupa isilowe. Ikishafunguliwa isipite wiki nne, hata kama dawa imebaki.

Kijana wa Nzega: Wakuu, nimefika nyumbani. Kulia kwa kitovu kuna vinundu viwili, kimoja kama ndimu. Mama anasema anapapenda hapo kwa sababu hapaumi.

Sista Kliniki: Wengi wanapapenda kwa sababu hiyo hiyo, usimgombeze. Ila asihamie pengine na dozi ileile! Penye ngozi nzima dawa itafanya kazi yote, na sukari inaweza kushuka vibaya. Mrudishe kliniki kesho, aseme kabisa kuhusu vinundu ili dozi iangaliwe upya. Akitetemeka, akatoka kijasho chembamba, au kipimo kikasoma chini ya 4, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

Kijana wa Nzega: Juzi tulienda kliniki. Dokta amepunguza yuniti. Nesi wa zamu amemchorea mama tumbo kwenye daftari, kaligawa mafungu manne, kila wiki fungu lake, na penye vinundu kapiga alama ya mkasi. Safari ya Dar tumeiweka kando kwanza. Leo asubuhi 9, jana 8. Mama ananisumbua nimtafutie namba ya yule nesi wa kwanza, anataka kumsalimia.