Ford V8 ya 1940 kuzimika kwenye Arroyo Seco

SpanaKumi: Wakuu, barabara ya Arroyo Seco, Los Angeles hadi Pasadena, ilifunguliwa 30 Desemba 1940. Ford V8 ya mwaka huohuo ikikwama pale kwenye foleni ya mchana inazimika, ikipoa inawaka. Shida nini?

KabuCheki: Petroli inachemka kwenye paipu, mkuu. Pampu yake imekaa juu ya injini, nyuma, kwenye joto kali. Ikivuta mvuke, kabureta (inayochanganya petroli na hewa) inakauka. Kitambaa kibichi juu ya pampu kitakuondoa hapo. Dawa ya kudumu ni pampu ya umeme ya volti 6 karibu na tangi, presha psi (pauni kwa inchi ya mraba) 2 hadi 3. Ukizidisha, kabureta inafurika. Na angalia waya: gari hili waya chanya wa betri ndio unafungwa kwenye bodi!

MzeeRejeta: Sawa, ila usiruke chanzo cha joto. Njia za ekzosi (moshi) zinapita ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, katikati ya maji, kwa hiyo rejeta ina kazi kubwa. Safisha bloku hadi mchanga uliobaki ndani tangu ilipomiminwa kiwandani utoke. Pampu za maji ni mbili na thamostati (vali za maji ya kupoza) mbili. Thamostati moja ikiganda imefungwa, upande mmoja wa injini unaungua.

SpanaKumi: Na kuingia barabarani?

KabuCheki: Hapo ndipo pagumu. Barabara ilisanifiwa kwa kilomita 72 kwa saa, na maingilio mengine yana alama ya kusimama kabisa. Subiri nafasi ndefu, ondoka na gia ya kwanza, kanyaga.