Mipangilio ya kompyuta za umma: iandikwe mahali pamoja, au kila maabara ijipange?

Fundi wa Kisumu: Naweka hoja mezani, wa kupinga apinge. Kompyuta za vyuo vya ufundi na maktaba zetu zimenunuliwa kwa kodi yetu sote, lakini zikishafika, kila maabara hujipangia inavyojua. Napendekeza mipangilio ya programu zote iandikwe mahali pamoja, kisha Ansible au Puppet, programu za kupanga kompyuta nyingi kwa pamoja, iisambaze. Mimi nina maabara tatu, mashine 71 na flashi moja mfukoni. Kubadilisha ukurasa wa kwanza wa kivinjari cha Firefox tu hunimalizia siku mbili, na nikimaliza Maseno, za Ahero zimeshachezewa. Wala si jambo geni: CFEngine, programu ya aina hiyo hiyo, ilianza Oslo mwaka 1993, Puppet ikaja 2005, Ansible 2012.

Mwalimu wa Kakamega: Ndugu fundi, hiyo dawa tumeshainywa. Muhula uliopita msimamizi wetu alichukua faili la mipangilio ya LibreOffice, programu yetu ya kuandikia hati, kutoka mashine yake, lile registrymodifications.xcu, akalimwaga kwenye kompyuta zote. Hakujua kwamba humo humo ndimo inamokaa orodha ya hati ulizofungua karibuni. Asubuhi wanafunzi wanawasha, kila kioo kinaonyesha "barua ya kuomba uhamisho". Hati yenyewe haikufunguka, ila jina lilitosha. Chai ya saa nne siku hiyo haikupoa. Nami nilikuwa nimepanga kazi zihifadhiwe kwa docx, muundo wa Microsoft Word, kwa sababu saiba wanakochapishia hawana LibreOffice. Ikafutwa. Nikairudisha, usiku ikafutwa tena. Nani alimuuliza mwalimu?

Msimamizi, Nakuru: Mnabishana nani aamue, na kabla ya hapo kuna swali la kiasi gani cha mipangilio kiamuliwe na taasisi. Faili moja la mipangilio huchanganya uamuzi wa taasisi na kumbukumbu za mtumiaji. Ukilimiliki zima, umevibeba vyote, hata barua za watu. Tena programu nyingine hazikubali. Faili la prefs.js la Firefox lina onyo juu kabisa kwamba usilihariri, maana Firefox ikifungwa huliandika upya. Nilipuuza. Nikalisambaza kwa Ansible mchana, vijana wakiwa darasani, ripoti ikasema mashine zote zimebadilika. Jioni walipofunga vivinjari, kazi yangu ikafutika, na ripoti bado ninayo! Siku hizi naandika policies.json ndani ya /etc/firefox/policies. Hilo ni la msimamizi, Firefox hulisoma tu, na ukifunga kitu humo mtumiaji hakigusi. LibreOffice nayo huruhusu thamani chache zifungwe kwa mashine nzima. Miliki hizo chache, mengine mwachie mwalimu.

Mama wa Maktaba, Busia: Na stima je? Fundi wetu husukuma mabadiliko akiwa mbali. Kwangu kompyuta huzimwa saa kumi, na mvua ikinyesha hata saa kumi hatufiki. Yeye huambiwa nusu hazifikiki, kisha husahau kurudia. Mwezi mzima meza moja ina kamusi ya Kiswahili, ya jirani haina.

Fundi wa Kisumu: Hapo mama umenibana. Ansible kwa kawaida husukuma kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali; mashine ikiwa imezimwa imekosa. Puppet hufanya kinyume: mashine yenyewe huuliza seva kila dakika 30, kwa hiyo stima ikirudi itajirekebisha. Ipo pia ansible-pull, mashine ikajivutia maagizo. Bando si tatizo, ni maandishi matupu.

Mwalimu wa Kakamega: Haya, hizo thamani chache ni zipi? Ziwekwe mahali tunapoweza kuzisoma, kila mstari na sababu yake kando, na sisi turuhusiwe kupendekeza. Sitaki kugundua sheria mpya mbele ya wanafunzi 40.

Fundi wa Kisumu: Nimehesabu minne: ukurasa wa kwanza, masasisho, kamusi, na proksi, yaani seva ya kati inayopitisha na kuchuja intaneti. Docx yako ibaki, mwalimu. Nitaiweka kwenye Git, hifadhi inayotunza kila badiliko, msome. Lakini proksi siachi.

Mwalimu wa Kakamega: Basi tuanze na hiyo proksi. Ndiyo iliyotufungia YouTube wiki ile tuliyokuwa tunafundisha kuchomelea vyuma.