Naomba ushauri: nabadili mazabodi, sitaki kupiga Windows upya

MzeeWaPrinta
Wakuu, habari za majukumu. Nina kompyuta ya Dell OptiPlex 9020, prosesa i5 ya kizazi cha 4, ndiyo inayoendesha steshenari yangu hapa Mbagala. Nimejikusanya nimepata mazabodi (bodi kuu) ya B450, prosesa Ryzen 5 5600G na rami ya DDR4, GB 16. SSD yangu ina Windows 10 yenye fonti zote, kadi za harusi za wateja na programu ya vitambulisho ambayo CD yake ilishapotea zamani. Fundi mmoja kasema lazima nifomati, mwingine kasema chomeka tu itawaka. Nimsikilize nani?

fundi_wa_usiku
Wa pili, ila hakumaliza. Enzi za XP ukihamisha diski kwenye bodi nyingine ulikuwa unapokewa na skrini ya bluu. Windows 10 inajitafutia draiva (programu za kuendesha vifaa) yenyewe, inawaka, inajizima na kujiwasha mara moja mbili, basi.

Kinachokwamisha watu ni MBR, mpangilio wa zamani wa diski. Hizi mashine za mtumba nyingi zimepigwa Windows kwa mtindo wa zamani, wakati bodi mpya inataka UEFI (namna mpya ya kuwasha mashine) na GPT (mpangilio mpya wa diski). Fungua Disk Management, bofya jina la diski kwa kitufe cha kulia, Properties, halafu Volumes, utaona. Ikiwa MBR, usifomati. Fungua Command Prompt kama admini, andika:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikubali, rudia ukiweka /convert badala ya /validate. Kisha ingia BIOS (mipangilio ya bodi) ya hiyo hiyo Dell, weka UEFI, hakikisha inawaka. Ikiwaka huko ndipo ushike bisibisi. Na bakapu kwanza, mkuu, ya mafaili yote.

Binti Ungo
Mnazungumzia Windows, mbona hakuna anayeuliza pawa saplai? Ya 9020 ina plagi ya pini 8, B450 inataka ya pini 24. Hata waya wa kitufe cha kuwashia haufanani. Kaka, tenga hela ya keisi na pawa saplai. Rami za zamani nazo ni DDR3, haziingii.

MzeeWaPrinta
Duh! Dada umeniokoa, nilishapanga Jumamosi nifungue.

Kipanya
Leseni je? Iliyokuja na Dell ni OEM, yaani ya kiwandani, kwa kanuni inabaki na bodi ile. Ya kununua dukani ndiyo inayohama: unaiunganisha na akaunti ya Microsoft kabla, kisha kwenye Activation unachagua Troubleshoot na kusema umebadili kifaa. Kama BitLocker (kufuli la diski la Windows) imewashwa, izime kabla ya kubadili, la sivyo itakudai ufunguo wa tarakimu 48.

fundi_wa_usiku
Umenikumbusha. Draiva ya mtandao iweke kwenye flashi mapema. Na muulize muuzaji kama BIOS ya hiyo B450 imeshapandishwa, zilizotoka mwanzoni hazizitambui Ryzen 5000.

MzeeWaPrinta
Wakuu, mrejesho. Ilikuwa MBR kweli, nikageuza, Dell ikawaka kwa UEFI. Jana usiku nimehamishia kwenye keisi mpya. Iliandika "Getting devices ready" nikakaa kama nasubiri matokeo ya mtihani, ikajizima, ikawaka. Fonti zipo, programu ya vitambulisho ipo! Mtandao haukuwepo mpaka nilipochomeka flashi. Printa moja tu nimeifuta na kuiweka tena. Leseni imegoma kama alivyosema Kipanya, nitanunua.

Kipanya
Ukinunua panda Windows 11 moja kwa moja, 10 iliishiwa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. i5 yako ya zamani isingekubaliwa, hiyo Ryzen inaruhusiwa.

Binti Ungo
Na Dell unauza?

MzeeWaPrinta
Siuzi dada. Nikipata SSD ndogo inakaa kwenye fotokopi.